Re: Skrubu ipi inaingia wapi?
Mkuu, umeuliza kama skrubu zilizokuja na keisi (kasha) ya kompyuta zote ni za aina moja, hapana aisee, kuna aina mbili hasa. Yenye meno mapana inaitwa 6-32 (jina la saizi ya skrubu), hiyo ndo ya pawa saplai na "hard disk" ya inchi 3.5, yenye meno yaliyobanana inaitwa M3 (saizi ya milimita 3), ya SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya inchi 2.5. Ya madabodi (ile bodi kuu ya kompyuta) inategemea vile vinguzo vya shaba vya keisi yako vinavyoibeba, so jaribu kwa vidole kabla hujaweka bodi, ikigoma mzunguko wa kwanza usilazimishe na bisibisi utaua meno. Ya M.2 (SSD bapa inayochomekwa moja kwa moja kwenye madabodi) ni kadude kadogo sana, mara nyingi kako kwenye boksi la madabodi, usije ukakatupa na makaratasi.