Pai kwenye joto la Dar: ganda gani uweke na nini

Jamani wapishi wenzangu, mapishi mengi ya pai tunayoyakuta mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi za baridi, wanakwambia tu siagi iwe baridi, basi, sasa wewe uko Mbagala mwezi wa pili, siagi ukiitoa tu kwenye friji muda si mrefu ishalegea. Ndio maana mimi kabla sijachagua ganda naangalia vitu viwili, joto la siku hiyo na maji yaliyomo kwenye kile ninachojaza ndani.

Ganda la kawaida ni lile la siagi nusu ya unga, yani unga gramu 250, siagi 125, chumvi kidogo na maji ya baridi vijiko vya chakula 3 mpaka 4. Hili ni zuri kwa pai ya kuku au ya mboga, ila lifanye alfajiri. Kata siagi vipande vidogo uirudishe friza, unga nao uweke humo humo, halafu fikicha kwa ncha za vidole mpaka iwe chengachenga, viganja usivitumie maana vina joto, na siagi ikiyeyukia mkononi ganda linatoka gumu. Na usilikande kwa nguvu jamani, hii sio chapati, ukilikanda sana linavutika halafu likiingia kwenye oveni linasinyaa.

Kama unafanya pai za nyama za kuuza, nakusihi ujaribu ganda la maji moto. Waingereza wanalitumia miaka mingi kwa pai zao za nguruwe, na kwa hapa kwetu naona ndio lenyewe kabisa kwa sababu halihitaji ubaridi wowote. Unga gramu 300 na chumvi weka kwenye bakuli, chemsha maji nusu kikombe pamoja na samli gramu 100, yakitokota mwagia kwenye unga, koroga kwa mwiko, donge likiwa na joto ambalo mkono unavumilia anza kusukuma na usichelewe, likipoa linapasuka pasuka. Linabeba nyama na mchuzi wake bila kulowa.

Kwa pai ya limau au kastadi ongeza sukari ya unga na kiini cha yai kwenye lile la kawaida, kisha lioke tupu kwanza, juu karatasi ya kuokea na maharage makavu ya kulikandamiza, dakika 15, toa maharage, rudisha mpaka likauke. Embe bivu lina maji mengi, lipike kwanza na konflawa mpaka liwe zito ndio ujaze.

Ganda la matabaka (puff pastry) mimi nanunua la friza supamaketi, joto hili sihangaiki nalo.

Na kama huna oveni, saga biskuti gramu 200, changanya na siagi iliyoyeyushwa gramu 100, shindilia kwenye sahani, weka friji, mimina krimu ya pasheni juu. Kesho yake unakata vipande safi kabisa.