Kitambi na sukari vinahusika na vinundu vya shingo

Dada umeuliza kama kitambi na sukari vinahusika na vinundu vya shingo. Vinahusika, sio upungufu wa madini joto (ayodini) peke yake kama alivyosema kaka mmoja aliyekujibu. Kitambi, sukari kupanda, presha na mafuta mabaya kwenye damu vikikutana kwa mtu mmoja vinaongeza uwezekano wa kuota vinundu kwenye tezi ya shingo, na sababu inayotajwa sana ni insulini, homoni ya kushusha sukari, mwili ukiwa hauisikii vizuri kongosho linamwaga nyingi zaidi, na ikizidi inachochea seli za tezi kukua. Mie nipo chumba cha ultrasaundi hapa Tanga, unampaka mtu jeli shingoni unakikuta kinundu na kwa nje hakuonekani kitu kabisa.

Ila umri nao una uzito, na wanawake vinawapata zaidi. Na chumvi ya kupimiwa kwa kopo, japo imetoka baharini, madini joto yake ni kidogo sana mpaka yaongezwe.

Vingi si kansa. Lakini kikikua haraka, au sauti ikianza kukwaruza, kapige ultrasaundi na upime TSH, kipimo cha damu cha kuona tezi inavyofanya kazi.