Caravan ya Kajjansi au Airbus ya mjomba?

SWALI: Kapteni, habari za kazi. Mimi ni binti wa miaka 24, nimemaliza mafunzo chuo cha urubani Soroti. Leseni ya urubani wa biashara ninayo, na saa zangu za kuruka zimepita 200 kidogo. Kampuni moja ndogo pale uwanja mdogo wa ndege wa Kajjansi imeniita nikae kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye Cessna Caravan, kindege cha injini moja, lakini mshahara wake nikishalipa kodi ya nyumba sibaki na kitu. Mjomba wangu yuko tayari kuuza kiwanja anilipie kibali cha kurusha Airbus A320 huko ng'ambo, kisha niombe kazi kampuni kubwa. Wenzangu wanabishana kila siku: Uganda Airlines, Kenya Airways, RwandAir au mashirika ya Waarabu wa Ghuba, wapi rubani anapanda haraka? – Msomaji, Soroti

JIBU: Binti yangu, mwambie mjomba kiwanja asikiuze kwanza.

Tazama ndege zenyewe. Uganda Airlines ilirudi angani Agosti 2019 na CRJ900, baadaye ikaongeza A330-800 mbili. Kenya Airways wana Embraer 190, Boeing 737 na 787. RwandAir wana Q400, CRJ900, 737 na A330. Hiyo A320 utairushia nani hapa jirani? Hata kampuni ikikodi moja kwa muda, mara nyingi inakuja na marubani wake. Utarudi na karatasi safi, na karatasi hiyo ina muda: ukikaa bila mwajiri, unarudi kwenye simuleta, mashine ya kuigiza ndege, kupimwa kwa pesa yako mwenyewe. Mjomba ana viwanja vingapi?

Nenda Kajjansi. Mimi nilianzia kwenye Caravan, na sijaona shule iliyoizidi. Asubuhi unapima abiria na mizigo kwenye mizani, unamweleza mtalii mwenye sanduku gumu kwamba haliingii, unapiga hesabu ya mafuta huku mawingu ya ziwani yakikutazama. Ukifika mbuga ya Kidepo unapita chini mara moja juu ya uwanja wa kutua kuwatoa nyati na kongoni, unasoma upepo kwenye soksi ya upepo iliyochanika, ndiyo unatua. Huko hakuna mnara wa waongoza ndege wa kukuambia lolote. Uamuzi ni wako, na mkaguzi yeyote wa kampuni kubwa akikuhoji dakika kumi atajua kama umewahi kuamua au umekuwa ukibebwa.

Ila usitie saini kabla ya kuuliza jambo moja: nitahamia kiti cha kushoto, cha kapteni, lini? Caravan imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Kwa kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, saa za msaidizi kwenye ndege ya namna hiyo zinaweza kuhesabiwa nusu tu unapotafuta leseni ya juu, ile inayodai saa 1,500. Wapo vijana waliokaa kiti cha kulia wakijaza logibuku, daftari la saa za kuruka, kwa furaha, walipoipeleka mamlaka ya anga wakakuta nusu imeyeyuka. Wakikujibu "tutaona", waombe waandike. Usome pia bondi, mkataba wa kukufunga usiondoke mapema: ni miaka mingapi, unadaiwa kiasi gani ukiondoka, na deni linapungua kila mwezi au linabaki palepale hadi siku ya mwisho? Mwajiri wangu mmoja wa zamani, jina nalihifadhi, alikuwa na la palepale.

Sasa ubishi wa wenzako. Kupanda haraka hakutegemei ukubwa wa ndege, kunategemea foleni. Uliza ni wangapi wako mbele yako, wana umri gani, na ni ndege ngapi mpya zinakuja. Kampuni yenye ndege chache ikiongeza hata mbili, wasaidizi kadhaa wanakuwa makapteni kwa mpigo. Isipoongeza, unaweza kuzeekea kiti cha kulia, maana rubani wa ndege za abiria za kimataifa anaruhusiwa kuruka hadi miaka 65 na wazee hatuondoki kirahisi. Hapo Uganda Airlines ni bahati nasibu zaidi kuliko Kenya Airways, lakini kwako Mganda mlango wake uko karibu zaidi. Ethiopian wana chuo chao, wanajilelea wa kwao. Ghuba kuna pesa nzuri, nyumba na shule za watoto. Wewe wa saa 200 hawakuhitaji leo, na Caravan ina injini moja, kwa hiyo hata baadaye watakuuliza saa za injini mbili. Panga uzipate kabla ya kugonga mlango huo.

Mshahara pia usiutazame peke yake. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma, na moja ya madai yao makubwa lilikuwa michango ya akiba ya uzeeni. Uliza hilo siku ya kwanza, wala usione haya. Na kampuni hufa: Uganda Airlines ya zamani ilifungwa 2001, Air Uganda iliyoanza 2007 ikasimama 2014. Waliokuwa na saa nzuri kwenye logibuku walipata kazi kwingine.

Msaada wa mjomba uombe kwa madogo: kipimo cha afya cha daraja la kwanza kila mwaka, kuhuisha kibali chako cha kuruka kwa kufuata vyombo bila kuona nje, na kodi ya chumba Kajjansi miezi ya mwanzo. Chumba kiwe karibu na uwanja. Ile barabara ya Entebbe asubuhi unaijua.