Sukari ya mama: namba moja haitoshi

Dada yangu wa Ngamiani, unasema mama alipimwa sukari akapata 6.8 mmol/L, wiki iliyofuata 9.1, na sasa hamlali. Hiyo ya pili alipima kabla ya chai na mahamri au baada? Kama alishakula, hazilinganishiki hata kidogo. Asubuhi, akiwa hajala kwa saa 8 au zaidi, 7.0 kwenda juu ndiyo ya kisukari, na hata hiyo hurudiwa siku nyingine. Ile 6.8, kama alikuwa hajala, iko mlangoni, msiipuuze.

Nunua daftari dogo: tarehe, saa, alikula nini, kipimo, maabara ipi. La baba ninalo tangu 2019. Daktari hulifungua kabla hajamuuliza chochote. Ombeni na HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3. Na vidonge vya jirani asiguse, nakuomba.