Shangazi, ukweni walinificha ugonjwa wa mke wangu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36 na huu ni mwaka wa nne wa ndoa, hatujapata mtoto. Kila mwezi mke wangu akiingia hedhi analala siku tano, amekumbatia chupa ya maji moto kama kichanga. Tendo la ndoa analikwepa, ati linamuumiza. Tumboni ana madoa ya kahawia yaliyochoreka kama wavu. Mama yangu anasema hizo ni dawa anazopakwa kwao kisirisiri. Mwaka huu daktari amesema ni endometriosisi na kwamba inahusiana na jeni. Nimechunguza, kumbe mama yake na mama yake mdogo waliumwa vivyo hivyo! Najiona nimetapeliwa. Mama anasema nimrudishe kwao. Kuna dada mmoja kazini ananielewa sana. Nifanyeje? – Mume Aliyefichwa*

Marahaba, mwanangu. Kungoja mtoto miaka minne ni mzigo, pole. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilishika kalamu, nikaanza kupiga mistari. Maumivu ya mkeo umeyapachika neno "ati". Mama yako umemnukuu mara mbili. Mkeo mwenyewe hujamnukuu hata neno moja lenye heshima. Na yule dada wa kazini umemchomeka mwishoni, ukitumaini nitampita bila kumwona. Nimemwona. Nina hakika alianza "kukuelewa" kabla daktari hajatamka hiyo jeni.

Tuanze na madoa. Hayo si dawa ya mtu. Ngozi ikikandwa joto pale pale, mwezi hadi mwezi, huchoreka michirizi ya kahawia kama wavu. Wanaozoea kuota moto kwa ukaribu huipata miguuni. Mkeo yamemtoka mahali anapolaza chupa. Maana yake anakubali kuunguza ngozi ya nje apate afueni ya ndani. Ushahidi ulikuwa umelala nawe kitanda kimoja, wewe ukaenda kumtafuta mama yako akutafsirie. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini hata mpita njia huona kaburi.

Sasa hiyo jeni unayotaka kuifanyia kesi. Kila seli ya mkeo, iwe ya ukucha au ya mji wa mimba, ina jeni zile zile, yaani maandishi ya urithi yanayouelekeza mwili. Ukucha unakuwa ukucha kwa sababu ya jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa, kama nyumba yenye taa nyingi isiyowasha zote kwa pamoja. Katika ugonjwa huu, nyama inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake: kwenye ovari, nyuma ya kizazi, hata kwenye utumbo. Na humo ndani ya nyama hiyo swichi zimevurugika.

Kuna jeni inayotengeneza kimeng'enya, yaani kichocheo cha kikemikali mwilini, kiitwacho aromatesi, ambacho huunda homoni ya kike iitwayo estrojeni. Kwenye utando wa kizazi chenye afya taa hiyo huwa imezimwa. Kwenye vile viraka vilivyoota nje inawaka, kwa hiyo kiraka kinajitengenezea estrojeni chenyewe, na estrojeni ndiyo chakula chake. Estrojeni inachochea prostaglandini, zile kemikali za uvimbe na maumivu. Prostaglandini nazo zinarudi kuichochea aromatesi. Moto unaojitilia kuni! Projesteroni, homoni ambayo ingetuliza ghasia, inafika na kubisha hodi, lakini vipokezi vyake vimepungua, hakuna wa kufungua. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hupewa dawa za projesteroni na wasione nafuu, kisha waume zao wanasema wanajifanya.

Swali lako la mtoto nalo linaingia hapa. Ipo jeni iitwayo HOXA10, ambayo taa yake hutakiwa kuwaka zaidi zile siku kizazi kinapojiandaa kupokea mimba. Kwa wanawake wengi wenye endometriosisi haiwaki inavyopaswa. Ongeza makovu yanayogandisha ovari na mirija, utaelewa kwa nini mimba inachelewa. Kuchelewa si kukosa. Wengi huzaa, wengine wenyewe, wengine baada ya upasuaji au kwa kusaidiwa na maabara.

Wewe umesikia "jeni" ukaelewa "ukoo umenitapeli". Swichi nyingi kati ya hizo huharibika bila herufi hata moja ya jeni kubadilika. Ni alama za kikemikali zinazobandikwa au kubanduliwa juu yake. Daktari Mmarekani John Sampson alieleza mwaka 1927 kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kuotesha viraka hivi. Baadaye ikaonekana kuwa damu hurudi hivyo kwa wanawake walio wengi mno, ilhali wanaougua ni kama mmoja kati ya kumi. Tafiti za mapacha zinaonyesha urithi unachangia karibu nusu. Na mwaka 2023 watafiti waliolinganisha wanawake zaidi ya 60,000 wenye ugonjwa na watu zaidi ya 700,000 wasio nao walipata sehemu 42 za vinasaba zinazohusika, kila moja ikisukuma kidogo tu. Nyingine huenda mkeo alizipata kwa baba yake, huyo unayemwamkia kwa adabu zote. Mbona yeye hujamshtaki?

Mama mkwe wako namtetea waziwazi. Hakuficha kitu. Mtu hafichi asichokijua jina. Yeye na mdogo wake waliambiwa ndivyo wanawake walivyo, meza kidonge ulale. Hata leo, Shirika la Afya Duniani linasema kutoka dalili za kwanza hadi mgonjwa kuambiwa anaumwa nini hupita kwa wastani kati ya miaka 4 na 12. Ulitaka mama wa watu akupe wakati wa uchumba cheti ambacho madaktari wenyewe hawakumpa?

Ndiyo ndoa zenu hizi. Mnaoana kama mnaonunua simu: kioo kikipata ufa mnauliza dhamana inaisha lini. Zamani pia walikuwepo waume wabaya, sidanganyi, lakini angalau hawakuutafutia ubaya wao ushahidi wa kisayansi. Siku hizi mtu anasoma kurasa mbili kuhusu jeni, tayari ana hoja ya kumtoa mwenzake nyumbani. Na vijana, mkishaanza kueleweka sana kazini, nyumbani hamuelewi chochote.

Halafu kuna jambo nimelitafuta barua nzima sijaliona: wewe umepimwa? Mbegu zako zimetazamwa na nani? Kwa wanandoa wengi wanaochelewa kupata mtoto, tatizo huwa pia kwa mume, au kwake peke yake. Nenda wiki hii, kabla hujaongea lolote tena kuhusu ukoo wa mtu.

Kisha mfuatane kwa daktari wa wanawake, na ukifika unyamaze, mkeo aeleze. Msimwache aambiwe "zaa tu utapona", kwa maana mimba si tiba ya ugonjwa huu, na hata kutoa kizazi hakuhakikishi kupona. Tiba ya kuumaliza kabisa haijapatikana. Kuna dawa za maumivu, kuna homoni za kuvituliza viraka, kuna upasuaji wa matundu madogo wa kuviondoa. Homoni nyingi huzuia mimba, kwa hiyo mtakaa mchague mnataka nini kwanza, na sauti ya mwenye tumbo iwe na uzito zaidi. Tendo la ndoa linalomuumiza mmoja lisubiri, au mtafute pamoja namna isiyomuumiza.

Mama yako mwambie madoa yametokana na chupa. Dada wa kazini usimwambie kitu, ameshajua mengi.

Na mwezi ujao chupa ijaze wewe. Izungushie taulo, usiilaze juu ya ngozi tupu, na kila baada ya muda uihamishe isikae pale penye madoa.