Mtarakwa si ndugu wa mvinje

SWALI: Assalaam aleykum Maalim. Mimi seremala hapa Wete. Nimeletewa kasha kuukuu nilitengeneze. Mchwa wamekula mlango na fremu ya dirisha ya chumba lilimokuwa, kasha hawakuligusa. Nilipolipiga randa likanuka penseli. Mzee mmoja kaniambia ni mtarakwa wa Bara, una majani ya sindano, ndugu yake mvinje. Ni kweli? Na nikiupanda huku utaota?

JIBU: Waaleykum salaam, fundi. Kasha sijaliona, ila pua yako naiamini. Zamani mtarakwa ulikatwa Kenya na Tanganyika ukapelekwa Ulaya kuchongwa penseli. Kiini chake chekundu kina mafuta, na mchwa hawauthubutu. Ndiyo maana Bara wanaupendea nguzo za ua.

Kuhusu undugu, mzee kakosea, nami nilikosea kama yeye. Ujanani nilikaa miezi kadhaa Shume, milima ya Usambara, nikitetemeka chini ya mablanketi mawili. Wasambaa wauita mwangati. Nilichuma kitawi nikidhani mvinje, kumbe majani yake ni vigamba vimelaliana kama vya samaki! Katikati vitufe vya buluu nyeusi, sawa na pilipili manga, vimepakwa kama unga. Hivyo ndivyo koni zake, yaani vibeba mbegu. Ndege huvila, wakaenda kuziangusha mbegu mbali. Kwa kawaida mti dume mbali, jike mbali.

Sasa nenda pwani, uvute kijiti cha kijani cha mvinje. Kitakatika kwenye pingili, mfano wa muwa. Vijino vidogo pale penye pingili ndiyo majani yenyewe. Mvinje hutoa maua, mtarakwa hautoi. Kile kitunda kinachotuchoma nyayo kinafanana na koni tu. Kwa ukoo, mvinje uko karibu na mwembe kuliko na mtarakwa.

Kuupanda Pemba sikushauri. Kwao ni milimani, zaidi mita 1,500 hadi 3,000, kwenye ukavu kama kaskazini ya Kilimanjaro. Sisi kilima cha mita 150 hatuna. Tena miche yake haitaki kivuli. Hata msituni kwao huchipua kwa wingi pale moto ulipopita, na miti ya majani mapana ikishatanda juu, haioti tena.

Kasha usilipake vanishi ndani, utaifunga ile harufu. Na kabla ya msumari toboa kwa keekee, maana mtarakwa hupasuka upesi.