Usiandike hukumu kabla ya kuwasikiliza wazee

Kijana unayetoka chuo cha mahakama Lushoto ukisubiri kupangiwa kituo, kosa langu kubwa nikiwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo sikulifanya kortini. Nililifanya nyumbani, usiku, mbele ya taa ya chemli.

Shauri lilikuwa la ng'ombe. Mdai alisema alimpa jirani mtamba amchungie. Sasa ana ndama na jirani hataki kurudisha. Mdaiwa akasema alimnunua. Alijieleza vizuri, tarehe zikapangika, na mashahidi wawili wakamuunga mkono. Mdai alibabaika tangu mwanzo. Basi usiku ule nikaandika kurasa nne, nikalitupilia mbali dai lake.

Asubuhi nikawauliza wazee wa baraza, waliosikiliza shauri pamoja nami, maoni yao, kutimiza utaratibu tu. Mmoja akasema, "Mheshimiwa, pale nje ulitazama masikio?" Nilikuwa nimewatazama wale ng'ombe chini ya mwembe. Sikio la mama lilikuwa na mkato, alama ya zizi la mdai. La ndama, aliyezaliwa kwa mdaiwa, lilikuwa na mkato uleule. Nani hukata alama ya mwenzake kwenye ndama wake? Nililiona sikio, sikujua kulisoma.

Enzi zile tulikaa na wazee wasiopungua wawili, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 ilisema tukitofautiana, wengi ndio wanaoamua. Ningeshindwa kura mbili kwa moja. Lakini sikuzihesabu kura. Nilichana zile kurasa, nikaanza upya.

Kwa hiyo nakuomba, usipende ushahidi uliopangika mno. Anayebabaika mpe muda. Unaandika kwa mkono, naye anakimbia kuliko kalamu. Mwambie asubiri, kisha msomee ulichoandika akusahihishe. Ukikuta kituo chako hakina wazee, waulize mashahidi mambo ambayo wazee wangeuliza: alama, mipaka, nani alikamua maziwa.

Na anayeshindwa mweleze sababu kwa maneno ya kwao, umwambie ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Mdaiwa wangu nilimwambia hivyo, hakukata.

Mdai alirudi kuchukua nakala ya hukumu. Hakujua kusoma. Akamwomba karani amsomee pale pa sikio tu, mara mbili, akaikunja karatasi akaenda zake.